Mlango, Chai Ipo

Kwa miaka kumi na minne nilikaa nyumba moja na baba mkwe wangu, na hakuna hata siku moja tuliyotazamana usoni. Msinihurumie. Kwetu Unyakyusa hiyo ndiyo adabu yenyewe, tunaita kutila. Mkamwana hamkaribii baba wa mumewe, hamtaji jina, hampi mkono, hali naye. Akikutana naye njiani anachepuka na kuchuchumaa, mgongo ukielekea njia, mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, na huko Tukuyu mjini utawaona wakamwana wanapiga selfi na wakwe zao, wamekumbatiana. Mzee wangu hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, mchungaji mwenyewe alishamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, naye akaitikia amina na kuendelea vilevile. Na mimi Atupele, ambaye mdomo wangu hauna breki, kwa hilo moja nilimfuata bila kubisha.

Maneno yetu yalipita kwa binti yangu Neema. "Neema, mwambie babu chai ipo." Babu yuko hatua tano tu, anasikia kila kitu, lakini anangoja mpaka Neema amwambie. Neema alipokwenda shule ya bweni tukabaki hatuna mjumbe. Mama mkwe alishafariki, na mume wangu Hezron ni dereva wa lori la parachichi, leo yuko Njombe, kesho Dar. Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango wa sebule na sinia mkononi, chai inapoa, hasira zinapanda. Nikauambia ubao wa mlango: "Mlango, chai ipo." Nikaweka sinia kizingitini. Nilipokuwa naondoka nikasikia kikohozi, kisha sauti yake: "Mlango, mwambie ndaga." Ndaga ni asante. Basi tangu siku hiyo mlango ukawa mwanafamilia.

Tuliongea mengi kupitia ule mlango. Mlango, mwambie nyoka ameonekana kwenye migomba. Mlango, mwambie kande ya jana ilizidi chumvi. Mlango, mwambie chumvi ilinunuliwa na yeye mwenyewe. Nikisema hivyo nilikuwa namsikia anacheka kwa ndani, kicheko kifupi anachokificha kwenye kikohozi. Sura yake nilikuwa naijua kwa kuibia tu, lakini sauti yake niliijua kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Machi mwaka jana mzee alipanda juu ya mparachichi wa kienyeji ulio nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa haijakatika siku nne. Niliuambia mlango mara mbili kwamba ule mti unateleza, na mlango ukajibiwa kwamba yeye alianza kupanda miti kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa namenya ndizi niliposikia tawi linavunjika, kisha kishindo. Nikatoka mbio.

Alikuwa amelala chini, kichwa kwenye jiwe tunalonolea majembe, damu inamtoka sikioni. Na mimi nikasimama. Sasa naeleza kitu ambacho sijawahi kumwambia hata Hezron. Nilisimama hatua kumi kutoka pale alipo, nikageuza uso. Miguu ilikuwa imezoea. Kwa miaka kumi na minne iliambiwa isogee mbali na yule mtu, na siku ile nilipoihitaji ikakataa kwenda. Sijui nilisimama muda gani, labda mtu angehesabu hadi hamsini. Ndipo nikapiga yowe, majirani wakaja wakitokea shambani, wakamwinua wao. Mimi sikumgusa.

Mbeya walimfungua kichwa wakatoa damu iliyoganda. Alikaa huko wiki saba. Alirudi kwetu Mpuguso mwezi wa tano akiwa mtu mwingine, tukamwekea kitanda sebuleni. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu, maneno yalikuwa yamechanganyika, kijiko anakiita panga, mvua anaiita jina la mbuzi tuliyemchinja zamani. Mzee ambaye nilimjua hana kelele sasa alilia akicheleweshewa uji, na akikasirika anatupa kikombe. Daktari alituambia ubongo unapona polepole sana, unaweza kuchukua mwaka, miaka miwili, na sehemu nyingine hairudi. Tulichotakiwa kufanya ni kumrudishia vitu kidogokidogo, kila siku, bila kuchoka. Bila kuchoka! Madaktari wana maneno mazuri.

Wifi yangu Jenifer alikuja kutoka Sumbawanga kumuuguza baba yake. Alikaa mpaka mwisho wa Juni, halafu akarudi kwake, ana watoto wadogo wanne na mume asiyejua kuwasha jiko. Nilimlaumu wiki nzima, kisha nikaacha. Wanaume wa ukoo wakaja, wakaketi kwenye vigoda, wakajadili. Kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake, wakakubaliana. Lakini si kazi ya mkamwana, wakakubaliana na hilo pia. Baada ya hapo wakanywa chai yangu wakaenda zao. Hezron akampata mwanamume wa makamo kutoka Nkunga aje amhudumie. Siku ya nne mzee akamng'ata mkono, na yule bwana akala kona bila hata kuaga.

Asubuhi iliyofuata nilimsikia mzee anaita. Hakuwa anaita mtu, alikuwa anaita tu. Harufu ilishanifikia nje. Nikampigia Hezron, akasema yuko Makambako, gari limeharibika, atafika keshokutwa.

"Keshokutwa baba yako atakuwa ameoza," nikamwambia.

Nilisikia magari yanapita huko aliko.

"Ingia," akasema.

"Unasema nini?"

"Nasema ingia, mke wangu. Akiuliza mtu, mimi ndiye nimesema."

Nikachemsha maji. Nikajifunika khanga kichwani mpaka karibu na macho, nikausukuma ule mlango ambao nilikuwa sijawahi kuupita yeye akiwa ndani. Niliingia natazama sakafu. Maji yalimwagika njia nzima.

"Gwe Tusekile," akasema. "Umechelewa."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, bila aibu, bila kushangaa, kama mtu anayemtazama ndugu yake. Gwe ni wewe, na Tusekile alikuwa dada yake mdogo. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa marehemu mama mkwe: msichana mwenye maneno mengi, alichukuliwa na mto Mbaka akirudi sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, wakati huo hata mimi sijazaliwa.

Ningeweza kusema mimi siye. Mgonjwa alikuwa amechafuka, maji yanapoa.

"Nimechelewa, kaka," nikasema. "Njia ilikuwa na matope."

Akatulia. Akainua mkono wake mzima ili nimvue shati. Dada anaruhusiwa, na mimi kwa saa ile nikawa dada. Nilimwosha, nikambadilisha mashuka, nikampa uji, akala wote. Nilipotoka nilikaa nyuma ya jiko, karibu na lile jiwe, nikatapika. Kesho yake nikaingia tena.

Kila Alhamisi alikuwa anakuja Mudathiri, mtaalamu wa mazoezi, kwa pikipiki kutoka Tukuyu. Kijana mpole, babu yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani akaoa hukuhuku, na Kinyakyusa anakijua cha salamu tu. Alinifundisha namna ya kumnyoosha mguu, na zaidi ya yote namna ya kuufungua mkono. Ule mkono wa kulia ulikuwa unataka kujifunga ngumi. Kila asubuhi na kila jioni unaanza na kidole gumba, unakifungua taratibu, unahesabu kumi, unakwenda kinachofuata. "Ukiacha wiki mbili, mama Neema, utakaza," aliniambia. "Ukikaza haufunguki tena." Akasema pia niwe namwita kwa jina lake, kwa sauti, ili ubongo ujijue.

"Mimi sitamki hilo jina," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nilianza kumweleza, nikaona hainifikishi popote. Akanywa chai yake akaondoka. Jioni ile, nikiwa nimeshika kidole gumba, nikajaribu. Dada humwita kaka yake kwa jina, si ndiyo? "Ambindwile," nikasema. Nilingoja nyumba iniangukie. Yeye akaitika tu, "Ee," akaendelea kutazama mvua dirishani.

Sasa sehemu hii ndiyo ninayoionea haya, na nitaisema. Nilifurahi. Baba yangu mzazi alikufa mimi nikiwa na miaka mitatu, mama akatulea kule Ikuti kwa kuchuma chai, sura ya baba siikumbuki. Na hapa nilikuwa na mzee anayenitazama usoni, anayenisimulia jinsi walivyoiba asali, jinsi alivyoogopa maswali ya mchungaji kabla ya kipaimara, jinsi ng'ombe wao mwekundu alivyomtupa mtaroni. Alisahau neno, nikampa. Nilimtania akacheka waziwazi, bila kukohoa. "Tusekile," ananiambia, "ulimi wako haujapungua." Ilikuwa lazima mtu avunjike kichwa ndipo mimi nipate baba. Nilijua ubaya wa jambo hilo, na bado kila asubuhi nilikwenda kwenye ule mlango nikiwa na haraka.

Naye alikuwa anapona. Septemba alitembea kwa fimbo mpaka barazani. Kijiko kikawa kijiko. Siku moja akaniambia bila kuulizwa kwamba mke wake amefariki, akalia kidogo, akaniomba maziwa mgando. Mudathiri akafurahi sana. Akasema tulete picha za familia, kila siku tumwonyeshe na kumtajia watu, yule nani, huyu nani.

Kwenye ukuta wa sebule kulikuwa na picha ya harusi yetu, mimi na Hezron mbele, wazee nyuma, baba mkwe pembeni kabisa ametazama kando kama adabu inavyotaka. Nilizitoa picha zote kwenye bahasha nikampelekea. Ile ya ukutani niliitungua mapema asubuhi, nikaifunga kwenye kitenge, nikaiweka chini ya godoro langu. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake. Akinijua nitakuwa mkamwana tena, atakataa mikono yangu, na nani atamwosha? Nani atafungua vile vidole? Hiyo ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote.

Wiki hiyohiyo akauliza: "Heseloni ameoa?" Jina la mwanawe alikuwa analitamka hivyo tangu zamani, ulimi wa wazee wetu.

Nilikuwa nimeshika kidole cha tatu, nahesabu. Nikahesabu mpaka kumi.

"Bado," nikasema.

Uongo wangu wa kwanza ulitoka wenyewe. Huu wa pili niliutoa kwa mkono wangu.

Oktoba Hezron alipiga simu, nikaiweka kwenye spika ili waongee. Mzee akamkatisha salamu. "Heseloni, una miaka alobaini. Mbona huoi? Wenzako wana watoto shule. Kama unaona haya, nitatuma wazee wakutafutie." Hezron alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Nitakuja, baba," simu ikakatika.

Alifika Jumamosi. Alimsalimia baba yake, akatazama ukuta, akauona msumari uko peke yake. Akanifuata jikoni.

"Picha iko wapi?"

"Nimeitunza."

"Umemwambia baba sijaoa?"

Niliendelea kumenya ndizi. Akaninyang'anya kisu, akakiweka juu ya kabati. Hezron si mtu wa kufoka, na ndiyo maana akinyamaza naogopa zaidi.

"Daktari alisema tumsaidie akumbuke," akasema. "Wewe unamchagulia cha kukumbuka."

"Akinikumbuka nani atamwosha? Wewe na lori lako? Wanaume wa ukoo wako wanaojua kunywa chai? Nimemvua, nimemvisha, nimemfuta, mimi, wewe unapiga simu kutoka barabarani unamuuliza baba umekula nini! Usinifundishe."

"Sikufundishi. Najua unachofanya humu ndani, na sijui nitakulipa nini." Akakaa kwenye kigoda. "Lakini si kwa sababu hiyo tu, Atupele. Unampenda akiwa hivi."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Nilimtukana, nikatukana na lori. Jumatatu asubuhi aliondoka, na hakuigusa ile picha, hakuitafuta hata chini ya godoro. Angeitundika mwenyewe ningemchukia nikapona. Aliniachia mimi.

Siku ile nzima nilizunguka na kazi. Jumanne, mzee alipomaliza uji, nikaenda chumbani, nikakifungua kitenge, nikampelekea picha mapajani.

Akaitazama kwa muda mrefu. Kidole chake cha kushoto kikatembea juu ya kioo. "Huyu mke wangu. Malehemu." Kikasogea. "Huyu mimi. Nimetazama wapi?" Kikasogea tena. "Heseloni. Amevaa suti." Kisha kikafika usoni kwangu, kikakaa hapo.

"Na huyu?"

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Niliiona akili yake inahangaika, inafika, inateleza, inaanza upya, na safari hii sikumpa neno. Sura yangu haikumsaidia. Angeijuaje? Kabla ya kuanguka alikuwa hajawahi kuitazama.

"Nenda nyuma ya mlango," akasema.

"Kufanya nini, kaka?"

"Nenda. Ufunge. Useme kitu."

Nikatoka, nikaufunga, nikaweka paji la uso kwenye ubao. Ningeweza kubadilisha sauti. Ningeweza kuimba wimbo wa kanisani kama wanavyoimba wanawake wote wa Rungwe, asingenitambua. Ningeweza kusema lolote duniani isipokuwa yale maneno matatu. Nilifikiria mkono wake. Nilifikiria asali ya wizi na ng'ombe mwekundu. Nilimfikiria Hezron amekaa kwenye kigoda.

"Mlango," nikasema, "chai ipo."

Kiti kikalia.

"Mlango," akasema, "mwambie ndaga."

Halafu nikasikia analia, kilio cha mwanamume anayejiziba mdomo. Nikasikia fimbo inagonga sakafu, hatua moja, hatua nyingine, ikaja mpaka mlangoni. Komeo likaingia.

Siku zilizofuata alikula nilichoweka kizingitini, na hakufungua mpaka nimefika jikoni. Alijiosha mwenyewe kwa mkono mmoja, maji yanapita chini ya mlango mpaka barazani. Alianguka mara moja, nilisikia, na aliponisikia nakimbia akapaza sauti, "Mlango, mwambie asije!" Nikasimama barazani. Nilisimama tena, mnaona, kama siku ile, naye akiwa chini. Alichukua muda mrefu kuinuka.

Alhamisi Mudathiri akaja. Nikajibanza nje ya dirisha, sina haya.

"Mzee, huu mkono mbona umerudi hivi? Dada hakufanyishi mazoezi?"

"Dada yangu alikufa," akasema mzee. Maneno yalikuwa yamenyooka, kila moja mahali pake. "Maji ya Mbaka yalimchukua. Mimi ndiye nilimwona, mimi nilimtoa, mimi nilimzika."

"Na yule mama anayekuosha?"

"Yule," akasema, "ni mke wa mwanangu."

Mudathiri alitoka anang'aa uso mzima. "Mama Neema, amekumbuka! Dada, harusi, kila kitu! Unajua hii ni hatua kubwa kiasi gani?" Nilimwambia najua. Nikaenda kwenye migomba, nikalia mpaka pua ikaziba. Nilifurahi, naapa. Na nilikuwa nimefiwa, na sikuwa na mtu wa kumwambia anipe pole, maana hakuna aliyekufa. Mudathiri alinikuta hukohuko. Hakuelewa, lakini alingoja nimalize. Akasema yeye hawezi kuja zaidi ya Alhamisi, ana wagonjwa mpaka milimani, na kama ule mkono hautafunguliwa kuanzia sasa, Alhamisi ijayo mtu asimlaumu yeye.

Ijumaa akaja mdogo wa kiume wa mzee, niliyemwita mimi. Alishika kile kidole gumba kama anang'oa muhogo. Mzee akapiga kelele, akamfukuza kwa fimbo.

Jumamosi mvua iliamka nasi. Niliweka chai kizingitini, nikasema ipo, nikajibiwa ndaga. Sikuondoka. Nikakaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu ikilowa, na nikasikia upande wa pili hafungui, anangoja niende.

"Mlango," nikasema, "mwambie siku ile nilisimama."

Bati lilikuwa linapiga kelele kwa mvua. Nikapaza sauti.

"Mlango, mwambie nilimwona alipoanguka. Damu inamtoka sikioni. Nilisimama hatua kumi nikageuza uso, nikangoja watu. Sijui kama ningemshika mapema angekuwa na mkono wake leo, sijui, daktari sikumuuliza, niliogopa. Mwambie kila nilipofungua kidole nilikuwa nahesabu zile hatua. Mwambie jina la dada yake nililichukua bila ruhusa. Mwambie nilisema mwanawe hajaoa. Nilipenda kuitwa Tusekile. Basi."

Niliona aibu, nikajifuta pua na khanga. Chai yake ilikuwa inapoa kando yangu, utando umeanza juu.

"Mlango," akasema, na sauti ilikuwa karibu, chini, usawa wa kichwa changu, kumbe naye alikuwa amekaa sakafuni. "Mwambie siku ile, angenishika, ningemkemea. Kichwa kimepasuka, ningemkemea. Adabu ile nilimfundisha mimi."

Nikafunika uso.

"Mwambie hakukosa," akasema. "Sasa mwambie aende jikoni, mimi nitoke hapa."

Nikainuka. Nilikuwa nimeshuka ngazi ya baraza niliposikia komeo linatolewa, na sauti yake tena, ya taabu, anatafuta pumzi.

"Mlango. Akifika huko aniitie Tusekile. Mkono umekasa."

Nilikwenda jikoni kweli. Nilisimama kati ya jiko na pipa la maji, nikahesabu kumi, nikafunga khanga vizuri, nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Sikubisha hodi, dada habishi hodi kwa kaka yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametazama huku ninakotokea, macho mekundu, na hakuyageuza. Alikuwa anajua mimi ni nani, na alijua kwamba najua.

"Gwe Tusekile," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa, kaka. Njia ilikuwa na matope."

Akaniletea ile ngumi mapajani. Nikaanza na kidole gumba.